Mgambo Hana Faili

Mtu alitolewa Bonga mwishoni mwa mwaka 1978, akafundishwa kushika bunduki, akapelekwa Kagera kumpiga Idi Amin. Alirudi na viungo vyake vyote, akashika jembe, akalima mahindi na mbaazi mpaka nguvu zikamwishia. Akafa, akazikwa shambani kwake. Pensheni hakuipokea hata mwezi mmoja. Je, taifa linadaiwa? Na kama linadaiwa, nani aende kusimama dirishani kupokea, ilhali mwenyewe yuko kaburini?

Hoja hiyo nimewaachia watu watano. Ni watu wa kubuni, ndiyo maana hawana majina, lakini wanayoyasema ni yale yale yanayosikika misibani na vijiweni kila Siku ya Mashujaa, Julai 25, inapokaribia. Nimewaketisha Bonga, kusini mwa Babati mjini, kwenye barabara iendayo Kondoa na Dodoma. Ni nchi ya Wagorowa, ingawa Wairaqw na Warangi nao wamo tele. Mwalimu ni mstaafu wa shule ya msingi. Afande ni sajenti mstaafu wa JWTZ, na pensheni yake inaingia benki. Binti ni mtoto wa yule mgambo, mwanamke wa miaka hamsini na ushei anayenunua mbaazi kwa wakulima na kuzipeleka mjini. Kijana ni mtoto wa kaka yake Binti, dereva wa bodaboda. Na yupo Bibi, mjane, anayepepeta mbaazi na kunyamaza, hata wenzake wakadhani kunyamaza kwake ni kukubali.

AFANDE: Nianze na utaratibu, maana bila utaratibu tutagombana bure. Askari ana namba. Namba ndiyo inayofungua faili, na faili ndilo linalofungua malipo. Mgambo hana faili. Aliitwa kwa dharura, akapewa kombati na silaha, vita vilipoisha akaagwa. Walioonekana wanafaa waliingizwa jeshini, wengine wakapata kazi za ulinzi kwenye mashirika ya umma. Aliyetaka kurudi shambani alirudi. Miaka karibu hamsini imepita, sasa tunafukua nini?

BINTI: Shikamoo kwanza, Afande.

AFANDE: Marahaba, binti yangu. Samahani, nimeingia moja kwa moja.

BINTI: Ndivyo mlivyo. Mimi sibishani na utaratibu, nauliza ulipangwa kwa ajili ya nani. Baba alikuwa mgambo wa kijiji tangu kabla ya vita, analinda ghala la mahindi usiku. Lori lilipokuja aliambiwa apande, akapanda. Na huko mbele sijasikia kwamba kuna mtu alimwambia, "Wewe mgambo kaa nyuma, risasi hizi ni za wenye namba."

MWALIMU: Hapo umesema kweli. Lakini Afande naye ana lake. Mgambo hakuokotwa tu siku ya vita. Tangu Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, mwaka ule ule Amin alipompindua Obote, siasa yetu ilikuwa kwamba ulinzi ni kazi ya kila mwananchi. Tulifundishwa gwaride hata sisi walimu. Kwa mgambo, kwenda vitani hakukuwa ajira. Kulikuwa wajibu, kama kuchimba mtaro wa kijiji.

BINTI: Mtaro haukuui, Mwalimu.

Hapa waliozaliwa baadaye wanahitaji kuwekwa sawa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kulikalia eneo letu lote lililo kaskazini ya Mto Kagera, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Novemba 2 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Uwezo ndio uliokuwa na utata. Jeshi halikuwa na askari hata elfu hamsini. Katika miezi michache likavuka laki moja, na nyongeza hiyo ilitoka kwa mgambo, vijana wa JKT, polisi na askari magereza. Malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa kuwabeba. Operesheni Chakaza ikaanza: Mutukula ikatekwa Januari 1979, Masaka Februari, Kampala Aprili 11, na Juni 3 askari wetu wakafika mpaka wa Sudan. Kutoka Mutukula kwenda mbele, wengi wa askari wa miguu walitembea kweli, bunduki begani na mzigo mgongoni, mamia ya kilomita. Mtu wa Bonga ambaye safari yake ndefu kabla ya hapo labda ilikuwa kupeleka ng'ombe mnadani, aliiona nchi ya Uganda yote kwa nyayo zake.

AFANDE: Basi ngoja niseme jambo ambalo mgambo hawapendi kulisikia. Mimi nilikuwa Brigedi ya 208. Machi 10, 1979, Lukaya, Walibya walioletwa kumsaidia Amin walishuka na jeshi lake wakiwa na makombora ya mizinga ile ya kufululiza. Waliokuwa Lukaya ni Brigedi ya 201, karibu yote mgambo. Makombora mengi yalipita juu ya vichwa, lakini ule mlio tu uliwatosha. Walitawanyika. Nasema walikimbia, binti yangu, usikasirike. Sisi tulizungushwa usiku, tunatembea kwenye matope, ili tukaizibe njia kutokea ubavuni.

KIJANA: Kwa hiyo babu alikimbia?

AFANDE: Sijasema babu yako. Nimesema brigedi.

BINTI: Na asubuhi yake, Machi 11, nani alishambulia kutoka mbele wakati nyinyi mnatokea ubavuni?

AFANDE: Ile ile 201.

BINTI: Ile ile iliyokimbia.

AFANDE: Ndiyo. Walikusanywa usiku, wakarudi.

BINTI: Mtu aliyefundishwa wiki chache, anasikia kitu ambacho hajawahi kukisikia, anakimbia, halafu usiku huo huo anageuka kurudi kule kule. Hilo nalo halina malipo kwa sababu halina namba?

Niingilie kidogo. Vita vya Lukaya ndivyo vilivyofungua barabara ya Kampala. Hapo Walibya walipoteza watu wengi, na baada ya hapo upande wa Amin haukusimama tena sawasawa. Tukisimulia vita hivi tunataja majenerali: Musuguri, Mayunga, Walden. Wanastahili. David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 kisha akawa Mkuu wa Majeshi, alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, na taifa likamzika kwa heshima zote. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Ila brigedi iliyokuwa karibu yote mgambo ilikaa katikati ya siku iliyoamua vita, nasi tumebaki tukiuliza faili lao liko wapi.

KIJANA: Shangazi, faili si mtu anaweza kulitafuta? Niende hapo Babati nikaulize.

BINTI: Uulize Babati gani? Mwaka 1978 hapakuwa na wilaya ya Babati. Bonga ilikuwa wilaya ya Hanang, mkoa wa Arusha. Wilaya ya Babati imekuja 1985. Mkoa wa Manyara umekuja 2002. Sasa sisi ni Halmashauri ya Mji. Babu yako hakuhama hata hatua moja, ofisi ndizo zilizomhama. Mimi nimeshafika kwa mshauri wa mgambo, nikaambiwa huenda orodha ilibaki Arusha. Arusha nikaambiwa niulize kikosini. Kikosi kipi? Baba alisema kilivunjwa waliporudi.

MWALIMU: Na alirudi mwaka gani?

BIBI: Wa themanini. Walibaki kulinda. Wengine mpaka wa themanini na moja.

Ni mara yake ya kwanza kusema, na wote wakageuka. Akaendelea kupepeta.

MWALIMU: Mama, wewe unaonaje?

BIBI: Semeni kwanza nyinyi mliosoma.

MWALIMU: Haya. Mimi hoja yangu si ya faili, ni ya haki. Vita vile havikupiganwa na wenye bunduki peke yao. Watu walitoa ng'ombe, mbuzi, magunia, fedha. Shuleni kwangu watoto walileta mahindi kwenye vikombe, kila mtoto na chake. Na vita vilipokwisha ndipo vilipoanza kwetu. Tuliambiwa tufunge mikanda miezi kumi na minane. Ikapita hiyo, ikapita mingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, mafuta yakapanda bei, hazina imekauka kwa ajili ya vita. Mnakumbuka foleni ya sukari? Mnakumbuka unga wa yanga? Watu walifulia majani ya mpapai. Sasa ukimlipa mgambo, utamwacha vipi aliyetoa ng'ombe wake wawili na asirudishiwe hata ngozi? Utamwacha nani? Ukianza kulipa vita vile, unalipa nchi nzima.

BINTI: Aliyetoa ng'ombe alilala kwake.

MWALIMU: Alilala na njaa.

BINTI: Njaa tulilala nayo hata sisi, Mwalimu, na bado baba alikuwa Uganda. Usinipe hesabu ambayo upande wetu unatoa mara mbili, halafu unaambiwa sote tulitoa sawa.

Hoja ya Mwalimu ndiyo ngumu kuliko zote, na wanaoitumia mara nyingi huitumia kuifunga mdomo familia ya askari. Mwalimu mwenyewe haitumii hivyo, anaamini kweli. Lakini jibu la Binti limeigusa pale inapovuja. Kaya iliyotoa mtu ilitoa pia mahindi, ikapanga foleni ile ile, ikala yanga ile ile. Kodi ya wote iliilipa kama wote, na juu yake ikatoa mkono wa kulimia. Na kwenye kilimo cha jembe na plau, mkono mmoja ukiondoka wakati wa kupanda, kilichopotea hakipatikani tena mwaka huo.

BIBI: Sasa niseme?

AFANDE: Sema, shemeji.

BIBI: Aliondoka mvua za kwanza zinanyesha, mbegu iko ndani. Ng'ombe wa plau walikuwepo. Nilishika plau mimi, na mtoto wa kiume akatangulia mbele ya ng'ombe kuwaongoza. Ana miaka kumi. Watu walipita njiani wakasimama wanatazama, maana mwanamke kushika plau ilikuwa kituko. Mistari ilikuwa imepinda kama njia ya nyoka, lakini mahindi yaliota. Masika yalipokuja shamba la bondeni likazidiwa na magugu, tukaliacha. Mbuzi nikauza wanne, mmoja mmoja. Barua ilikuja moja, nikasomewa na Mwalimu huyu. Ilikuwa imekaa njiani mpaka yaliyoandikwa yameshapitwa.

MWALIMU: Naikumbuka.

BIBI: Aliporudi alikuwa mzima. Kila mtu alisema, mshukuru Mungu, karudi mzima. Nikashukuru. Alikuwa anakula upesi, kabla sijakaa yeye kamaliza. Ngurumo zikipiga anatoka nje, anakaa chini ya mti na mvua inamnyeshea. Nikimuuliza anasema ndani kuna joto. Pombe alikuwa hanywi, akaanza. Hakunipiga, nisimsingizie marehemu. Alikuwa tu hayupo. Wenzake wengine walioa huko huko, wakaacha watoto Uganda. Yeye sijui. Sikumuuliza na hakuniambia, tukaishi.

Hakuna aliyekuwa na la kusema kwa muda. Afande akasafisha koo.

AFANDE: Sisi tuliobaki jeshini tulikuwa na wenzetu. Ukiota usiku, wa kitanda cha pili naye ameota. Mnacheka asubuhi. Yeye alirudi peke yake, sikuwahi kulifikiria hivyo.

KIJANA: Huyo mtoto aliyeongoza ng'ombe si ndiye baba yangu?

BIBI: Ndiye.

KIJANA: Ndiyo maana hakumaliza shule?

MWALIMU: Alikuwa darasa la tatu. Mwaka 1977 tulikuwa tumeanza Elimu ya Msingi kwa Wote, kila mtoto lazima shuleni, na sisi walimu tunabanwa kweli kweli. Januari 1979 hakuonekana. Februari hakuonekana. Nilimwandika mimi mwenyewe kwenye rejista.

KIJANA: Ulimwandika nini?

MWALIMU: Mtoro.

BINTI: Unaona sasa, Mwalimu. Tumezunguka ofisi zote tunatafuta karatasi ya serikali inayoonyesha kwamba nyumba yetu ilikwenda vitani, kumbe ipo, na imeandikwa kwa mkono wako. Kaka yangu anashika kamba ya ng'ombe kwa sababu baba yake yuko Masaka, na serikali iliyompeleka baba yake Masaka inamwandika mtoto mtoro.

MWALIMU: Fomu haikuwa na safu ya kuandika sababu.

AFANDE: Lakini tusiende mbali mno. Umaskini wote wa ukoo hauwezi kuwekwa mlangoni kwa Amin. Wapo waliopelekwa vitani, watoto wao wakasoma mpaka chuo kikuu. Na wapo ambao baba zao hawakwenda popote, nao wanaendesha bodaboda. Samahani, kijana.

KIJANA: Hakuna shida, Afande. Bodaboda inalipa.

BINTI: Sijasema kila kitu ni Amin. Mwaka 2017 India ilipofunga mlango wa mbaazi, bei ilianguka hapa mpaka watu wakawa wanachoma maganda na mbaazi zikiwa ndani. Hiyo si Amin. Lakini siku ile nyumba ya Mwalimu ilikuwa na pensheni, na nyumba yako Afande ilikuwa na pensheni. Nyumba yetu ilikuwa na mbaazi tu. Baba alikuwa mgonjwa mwaka ule. Tuliuza gunia kwa bei ya kutupa ili apate nauli ya hospitali.

Kijana akaleta habari aliyoisoma kwenye simu, na kwa kuwa mimi pia nimeikuta kwenye vitabu, naiweka kama inavyosimuliwa. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari Waafrika waliopigana upande wa Mjerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, miaka hamsini nyuma. Ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza. Wazee wakaja mamia. Wachache walikuwa na vyeti, wengine walikuja na vipande vya sare zilizochakaa, na wengi hawakuwa na kitu. Ndipo yule mtu wa benki aliyetumwa na fedha akapata wazo: kila mzee alipewa fagio, akapigiwa amri za gwaride kwa Kijerumani. Husimuliwa kwamba hakuna hata mmoja aliyekosea.

KIJANA: Sasa si wangefanya hivyo na kwa mgambo? Unampa mti, unamwambia silaha begani. Anayejua anajulikana.

AFANDE: Hahaha! Mimi mpaka leo ukiniamsha usingizini ukasema "legeza", nalegea.

BINTI: Wewe uko hai. Baba amekufa. Na mama utampa fagio afanye nini nalo? Afagie?

Naomba tusilipite hilo haraka, kwa sababu ndipo hesabu zote za malipo ya askari zinapokwama, na si kwetu tu. Vita vya Pili vilipokwisha, Waingereza waliwaaga askari wao wa Kiafrika wa KAR waliotoka Burma na Madagaska kwa bahasha iliyopimwa kwa rangi ya ngozi. Mwaka 2019 nyaraka zao wenyewe zilionyesha kwamba Mzungu alipewa mpaka mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Mwaka mmoja kabla ya hapo Uingereza ilikuwa imetenga fedha kuwasaidia wakongwe wake maskini zaidi katika Jumuiya ya Madola wapate milo miwili kwa siku, na katika hesabu hiyo wajane nao waliwekwa. Ni sadaka iliyochelewa miaka sabini, sitaisifu. Lakini hata katika kuchelewa kwake imekiri kitu ambacho utaratibu wa Afande haujakikiri: mjane yumo ndani ya hesabu.

Sisi tunafanya vizuri kwa wafu walioanguka. Kaboya, wilayani Muleba, mamia ya waliokufa katika vita vya Kagera wamelazwa kwa mistari, na makaburi yanatunzwa. Julai 25 viongozi huweka mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka, mashada, tarumbeta inalia na tunasimama kimya. Aliyekufa mapema akiwa na sare ana mahali pake. Aliyekufa polepole, miaka thelathini na zaidi baadaye, akiwa na kanzu kuukuu na deni la dawa, hana pa kuwekwa.

MWALIMU: Basi mimi natoa njia. Achaneni na faili, achaneni na fagio. Zanzibar tangu 2016 kila mzee aliyetimiza miaka 70 analipwa kila mwezi. Walianza na shilingi 20,000. Haulizwi alikuwa mvuvi, karani au askari. Anaulizwa umri. Huku Bara tungefanya hivyo, mama huyu angepata, aliyetoa ng'ombe angepata, mgambo aliye hai angepata. Hakuna wa kumwonea mwenzake wivu.

AFANDE: Fedha zitatoka wapi?

MWALIMU: Zinakotoka zako.

Mimi mwandishi naegemea kwa Mwalimu hapa, na sioni sababu ya kuficha. Malipo ya umri yana faida moja kubwa kuliko zote: hayamlazimishi mjane wa miaka themanini kuthibitisha kwamba alikuwa ameolewa na shujaa. Yanamfikia aliyeshika plau bila kumuuliza plau liko wapi. Kwa mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF tumeshajifunza kupeleka fedha mpaka kijijini, na tumeshaona pia jinsi majirani wanavyonuniana juu ya nani kaandikwa maskini na nani kaachwa. Umri haununiwi. Nilidhani mjadala ungeishia hapo, lakini Binti hakuniachia.

BINTI: Nakubali mama alipwe kwa umri. Tena kesho. Lakini msiniambie kwamba hapo deni la baba limekwisha. Hiyo ya umri ni malipo ya kutokufa. Baba amekufa. Mnataka kulichanganya deni lake na la kila mtu mpaka lisionekane tena. Aliyepanga foleni ya sukari apewe, sawa, na aliyekuwa Lukaya apewe hicho hicho kama mpanga foleni. Hapo mmemlipa uzee, hamjamlipa vita.

MWALIMU: Sasa unataka nini? Fedha za marehemu?

BINTI: Nataka aandikwe. Pale kata pawe na orodha: hawa walitoka Bonga, mwaka fulani, wakafika mahali fulani. Walio hai na waliokufa. Ikiwa kuna malipo siku moja, yaanzie hapo. Ikiwa hakuna, mjukuu wake akiulizwa shuleni Mashujaa ni nini, awe na jina la kutaja ambalo si la jenerali.

AFANDE: Orodha bila ushahidi itajaa waongo. Kila aliyewahi kuvaa kombati ya mtumba atajiandikisha.

BINTI: Ndiyo maana nakuomba wewe. Uko hai, una faili, una namba. Ulikuwepo. Andika ulichokiona, tukabidhi kwa mtendaji.

AFANDE: Mimi sikumwona baba yako Lukaya, binti yangu. Siwezi kuandika nilimwona. Walikuwa wengi, na sikuwajua wa Bonga. Hata huku kuhamia nimehamia nilipostaafu.

BIBI: Si lazima umwandike yeye. Waandike wao.

Afande akakaa kimya, akavua kofia, akaivaa tena.

AFANDE: Nikiandika nitaandika yote. Kwamba Brigedi ya 201 walikuwepo Lukaya, kwamba wengi walikuwa mgambo, kwamba jioni ile walikimbia, na kwamba asubuhi walirudi.

BINTI: Hilo la kukimbia lina lazima gani?

AFANDE: Lina lazima. Mtu yeyote aliyekuwa kule akisoma karatasi isiyosema walikimbia, atajua aliyeandika hakuwepo. Na hapo hata kurudi kwao hatakuamini.

BINTI: Basi andika yote. Na Mwalimu aandike ya kwake, ya rejista.

MWALIMU: Rejista za miaka ile ziliteketea na mchwa.

BINTI: Wewe hukuteketea. Andika kwamba hakuwa mtoro.